Sahani, chungu na mfinyanzi: maneno yanashuhudia nini?

Hapa Uvira husemwa mara nyingi kwamba ufundi wa vyombo vya Waswahili, pamoja na majina yake, uliletwa na Waarabu. Katika makala haya nalipima dai hilo kwa ushahidi wa aina mbili: vigae na maneno.

Tuanze na vigae. Huko Shanga, katika visiwa vya Lamu, Mark Horton alichimbua mji ulioanza karne ya 8. Humo, kama vile Manda na Kilwa alikochimbua Neville Chittick, vilipatikana vigae vyenye kioo kutoka nchi za Ghuba ya Uajemi. Vya kale ni vya mitungi mikubwa ya rangi ya samawati. Baadaye, hasa karne ya 11 hadi ya 13, yaliingia mabakuli ya kukwaruzwa. Fundi alipaka udongo mweupe juu ya chombo chekundu, akakwaruza nakshi mpaka wekundu uonekane, kisha akafunika yote kwa mchanganyiko wenye risasi, ambao motoni huyeyuka ukawa kioo chembamba. Shaba ndani ya kioo cha risasi hutoa kijani. Ndani ya kioo cha majivu ya mimea hutoa samawati.

Vyombo hivyo vilithaminiwa hata vikapachikwa katika kuta za misikiti na makaburi. Hata hivyo, vigae vingi katika miji hiyo ni vya vyungu vya wenyeji, visivyo na kioo.

Maneno yanakubaliana na vigae. *Sahani* na *tanuri* yametoka Kiarabu. Lakini *chungu*, *finyanga* na *mfinyanzi* ni ya Kibantu. Hata *umba* lina asili moja na *kubumba* la Kirundi, yaani kufinyanga.

Tahadhari moja: neno la mkopo halitoi tarehe ya kitu. Kiswahili kilifika kwetu na misafara ya karne ya 19 kupitia Ujiji, na leo *sahani* ni ya plastiki.

Kwa hiyo dai lile ni nusu ya ukweli: bidhaa na baadhi ya majina vilikuja kwa bahari, ufinyanzi ulikuwa wa wenyeji. Kazi iliyobaki ni yetu wanafunzi: tukusanye msamiati wa wafinyanzi katika Kivira, Kifuliiru na Kibembe wakati wazee wanaoujua wangalipo.