Vikope: kwa nini hata asiyeumwa anapewa dawa

Katika wilaya zenye ugonjwa wa vikope, ambao hospitali huuita trakoma, wagawa dawa hupita nyumba kwa nyumba na fimbo ya kupimia urefu, na karibu kila mlango huulizwa swali moja: “Mimi macho yangu hayaumi, vidonge hivi ni vya nini?” Ni swali la haki. Mtu mwenye akili zake hamezi dawa ya ugonjwa ambao haoni kuwa anao. Wengine hupokea wakavitupa nyuma ya nyumba. Wengine wamesikia maneno ya mitaani kwamba ni dawa za kuzuia uzazi, nao huwaficha mabinti zao. Leo tutaeleza jibu la swali hilo na namna lilivyopatikana.

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Vikope huletwa na bakteria aitwaye klamidia trakomatisi. Hukaa zaidi katika macho ya watoto wadogo, akahama kwa vidole, kwa kitambaa kimoja kinachofuta nyuso tatu, na kwa nzi wanaofuata tongotongo na kamasi. Mtoto akiambukizwa mara moja hupona bila madhara makubwa. Balaa ni kuambukizwa tena na tena kwa miaka. Kila mara upande wa ndani wa kope ya juu huvimba vijipele, na hatimaye huacha makovu. Makovu hayo hujikunja kadiri mtu anavyokua, yakaivuta kope ndani mpaka nywele zake zinakwaruza kioo cha jicho. Kila kupepesa ni mkwaruzo. Kioo hupata ukungu mweupe, na mwisho wake ni upofu usiorudi nyuma. Ndiyo maana ugonjwa unaanza kwa mtoto wa miaka mitatu lakini anayepofuka ni mama au bibi yake. Wanawake hupatwa na hatua hii mbaya zaidi kuliko wanaume, kwa sababu wao ndio wanaowabeba, kuwalaza na kuwafuta watoto maisha yao yote.

Kwa miaka mingi dawa ilikuwa marhamu ya tetrasaiklini ya kupaka ndani ya jicho, mara mbili kwa siku kwa wiki 6. Mama yeyote anajua maana ya kumpaka mtoto wa miaka miwili marhamu ya jicho kwa siku 42. Siku ya tatu mtoto anakimbia, siku ya saba mama amechoka, na bomba la dawa linabaki dirishani.

Mwaka 1993 yalitangazwa matokeo ya jaribio lililofanyika katika vijiji vya Gambia. Wagonjwa 194 waligawanywa kwa kura katika makundi mawili yaliyo sawa. Kundi moja lilipewa marhamu ya wiki 6, na wale waliozidiwa wakaongezewa dawa ya kumeza. Kundi la pili lilipewa dozi moja tu ya azithromaisini, umeze leo na imekwisha. Baada ya miezi 6, waliopona kwa dozi moja walikuwa 78 katika kila 100, na kwa njia ya zamani 72 katika kila 100. Tofauti hiyo ni ndogo na haitoshi kusema kuwa kidonge kina nguvu zaidi. Lakini kumeza mara moja ni jambo ambalo kila familia inaliweza. Umuhimu wa kura ni kwamba daktari hachagui nani apewe nini. Angechagua mwenyewe, pengine angewapa dawa mpya wale wenye nafuu, kisha akaisifu.

Likabaki suala la nani ampe dawa. Akitibiwa mgonjwa peke yake, jirani yake humrudishia. Tena wapo watu wenye bakteria machoni ambao hawana dalili hata moja, na macho ya daktari hayawezi kuwatambua. Hapa ndipo kijiji cha Kahe Mpya, wilayani Rombo, Kilimanjaro, kinapoingia katika vitabu vya tiba. Watafiti walikipima kijiji kizima, kisha karibu kila mkazi, mzima kwa mgonjwa, akameza azithromaisini mara moja. Kabla ya dawa, watu 9.5 katika kila 100 walikuwa na maambukizi. Baada ya miezi 2 walikuwa 2.1. Baada ya miaka 2 ilikuwa 0.1, yaani mtu mmoja katika kila 1,000. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Ni kweli kwamba waliokutwa na dalili baadaye walipewa marhamu kila baada ya miezi 6, na kwamba kijiji hicho hakikuwa miongoni mwa vile vilivyoathirika vibaya. Penye ugonjwa mwingi dozi moja haitoshi, ndiyo sababu ugawaji hurudiwa kila mwaka kwa miaka kadhaa.

Basi hilo ndilo jibu. Kidonge unachopewa wewe usiyeumwa huenda kinaua bakteria uliyembeba bila kujua, ambaye kesho angekuwa machoni mwa mjukuu wako. Na si dawa ya uzazi. Ni antibiotiki, hutolewa hata kwa mama mjamzito. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hupewa marhamu ya tetrasaiklini. Fimbo ile ni ya kukadiria dozi kwa urefu badala ya mizani. Zoezi likiangukia Ramadhani, mwambie mgawa dawa kwamba umefunga, mpatane umeze baada ya futari, na usimwambie “nitameza” kisha usimeze.

Tuje kwenye maji. Mwaka 1995 yalitoka matokeo ya utafiti wa Kongwa, mkoani Dodoma, nchi yenye ukame unaojulikana. Vijiji 6 vilipewa marhamu, na vitatu kati yake vikaongezewa kampeni ya kuosha nyuso za watoto wa mwaka 1 hadi 7. Baada ya mwaka mmoja, vikope vikali vilikuwa vimepungua zaidi katika vijiji vya kampeni, na mtoto ambaye uso wake ulidumu kuwa safi alikuwa na nafuu kubwa kuliko mwenziwe. Kikwazo kilikuwa imani ya wazazi kwamba kuosha uso wa mtoto kunamaliza maji ya kupikia. Jaribu mwenyewe nyumbani kwa kikombe kimoja cha maji, uone ni nyuso ngapi utaziosha.

Angalia umri huo vizuri. Sisi watu wazima tunaoswali tunaosha nyuso zetu kila tunapotia udhu. Mwenye tongotongo ni yule mdogo ambaye bado hajafika umri wa kuamrishwa swala, anayecheza pembeni ya birika wakati baba anatawadha. Maji yapo, mkono upo, na uso wa mtoto uko hatua mbili tu kutoka hapo. Kila mtoto na kitambaa chake, au kiganja kitupu kikaushwe na upepo. Na kijiti cha wanja kisizunguke nyumba nzima kutoka jicho hadi jicho.

Hata hivyo tusidanganyane kwamba maji peke yake yanamaliza vikope. Huko Ethiopia, eneo la Wag Hemra, jaribio la miaka 3 lililochapishwa mwaka 2022 lilipeleka maji, sabuni na elimu ya usafi katika jamii zilizochaguliwa kwa kura, na maambukizi hayakupungua kuliko katika jamii nyingine. Kwa maoni yangu hili si ruhusa ya kuacha kuosha watoto. Linatuonyesha kwamba pale ambapo ugonjwa umekita mizizi, anayeosha uso akakataa kidonge amefanya nusu ya kazi.

Kuhusu nzi, tena ni Gambia. Mwaka 2004 ilionekana kwamba kupulizia dawa kulipunguza nzi machoni mwa watoto kwa asilimia 88 na ugonjwa kwa asilimia 56. Vyoo vya shimo vilipunguza nzi kwa asilimia 30, lakini kupungua kwa ugonjwa hakukuthibitika. Nzi anayependa macho huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, si ndani ya choo cha shimo. Familia yenye choo huku watoto wakijisaidia nyuma ya boma bado inafuga nzi.

Sasa tuseme juu ya wale ambao kope zao zimekwisha kugeuka, kwani kidonge hakinyooshi kovu. Dalili yake ni kuhisi mchanga jichoni siku zote, machozi, na kukimbia jua. Bibi zetu wengi hutembea na kibano kwenye kanga, wakang'oa nywele hizo wenyewe au wakamwita mjukuu. Ethiopia walilipima jambo hilo kwa watu 1,300 wenye nywele chache zinazogusa jicho, wengine wakafanyiwa upasuaji na wengine wakapewa vibano vizuri na mafunzo. Matokeo ya mwaka 2011 yalionyesha kwamba ndani ya miaka 2 tiba ilishindwa kwa watu 13.2 katika kila 100 wa kibano, na 2.2 wa upasuaji. Uwezo wa kuona haukutofautiana. Kwa hiyo kibano kizuri ni afadhali kuliko kukaa bure kwa mwenye nywele chache anayesubiri zamu yake. Lakini kibano kibovu hukata nywele badala ya kuing'oa, na kisiki kilichobaki huchoma kama mwiba.

Upasuaji wenyewe ulipimwa zamani nchini Oman, ambako njia kadhaa zilishindanishwa. Iliyoshinda ni ile ya kukata kope na kuigeuza ukingo utazame nje, nayo ikawa njia iliyopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Oman yenyewe ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na shirika hilo, mwaka 2012, kuwa vikope si tatizo tena la afya ya jamii. Morocco ikafuata mwaka 2016, Gambia 2021, Malawi 2022 na Burundi 2025.

Upasuaji huu hufanywa kwa ganzi, mgonjwa akiwa macho, na mara nyingi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Hauhitaji daktari bingwa. Jaribio la Ethiopia lililotolewa mwaka 2004 lilikuta wahudumu wa macho waliofunzwa vizuri wanafanya sawa na madaktari. Wanaoogopa wana sababu, kwani kwa baadhi ya watu kope hurudi kugeuka. Mwaka 2006 ilionekana kwamba dozi moja ya azithromaisini baada ya upasuaji hupunguza kurudi huko kwa theluthi moja ndani ya mwaka mmoja, kuliko marhamu. Ukimpeleka mama yako, muulize mhudumu kama dawa hiyo ipo, na umrudishe tarehe atakayopangiwa ya kutoa nyuzi.