Kodiani ya Babu na Mafundi wa Castelfidardo

Nataka kuwaeleza habari za kodiani, yaani kile kinanda cha mkono chenye mvukuto. Wengi wetu tumepata kukisikia kanisani, lakini ni wachache waliokitazama ndani. Mimi nilikitazama kwa shida.

Babu yangu alitoka na kodiani yake Bukavu mpaka hapa Nakivale. Siku moja ya kiangazi aliisahau chini ya turubai, juani, tangu asubuhi hata alasiri. Jioni alipoivuta, sauti nyingi zilikuwa zimenyamaza, na ndani vitu viligongana kama kokoto katika kibuyu. Nikaipeleka Mbarara kwa fundi wa redio. Akaitikisa, akasema imekufa. Babu hakujibu neno. Aliizungushia kitenge, akaisukuma chini ya kitanda.

Likizo ilipofika nikamwomba ruhusa niifungue. Kwenye ubao wa ndani palichapwa jina la mji: Castelfidardo, Italia. Basi nikatafuta habari zake.

Kodiani haikuzaliwa Italia. Cyrill Demian aliiandikisha Vienna mwaka 1829. Lakini watu wa Castelfidardo husimulia kwamba mwaka 1863 msafiri mmoja, akienda kuhiji Loreto, alilala nyumbani kwa wakulima wa ukoo wa Soprani, akawaachia kodiani. Kijana wao Paolo, aliyezaliwa mwaka 1844, akaifungua yote apate kujua siri yake, kisha akaanza kutengeneza zake pamoja na ndugu zake. Koo nyingine zikafuata, na mji wa wakulima ukawa mji wa mafundi.

Miaka ya 1950 vijana wakaanza kupenda gitaa. Oliviero Pigini, naye fundi wa kodiani, hakukaa kulalamika. Mwaka 1959 alianzisha kazi ya magitaa ya Eko, na kiwanda kikawa Recanati, mji jirani. Magitaa ya kwanza yalivikwa plastiki ya kumetameta, ile ile ya kodiani, yakatiwa na vibonyezo vingi. Ukiliona moja, utajua ni mtoto wa nani.

Sasa turudi ndani. Sauti ya kodiani hutoka katika ndimi nyembamba za chuma cha pua. Ulimi umefungwa upande mmoja juu ya bamba lenye tundu. Upepo ukipita, ulimi hutetemeka. Ulimi mrefu hutoa sauti nene, mfupi sauti nyembamba. Kila bamba lina ndimi mbili: mmoja hulia mvukuto ukisukumwa, wa pili ukivutwa. Na mabamba hayo yameshikwa ubaoni kwa nini? Kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na utomvu wa msunobari! Hapo nikacheka peke yangu. Kodiani haikufa, jua liliyeyusha nta, mabamba yakaanguka.

Nikanunua nta sokoni Mbarara kwa wauza asali, nikapata na utomvu, nikayeyusha, nikabandika mabamba kumi na moja. Kazi hiyo ilinichukua siku nne, maana bamba likikaa upande upepo huvuja. Sauti zikarudi zote, ila la moja iliyokuwa juu kidogo. Ukitaka kushusha sauti, unakwangua ulimi karibu na shina. Ukitaka kuipandisha, unakwangua ncha. Mimi nilikwangua shina mno, ukakatika.

Babu hakunigombeza. Sasa la hiyo hulia akisukuma, akivuta haisikiki, naye amejifunza kupanga mvukuto wake ili kila la imkute akisukuma. Jumapili hakuna anayetambua, ila mimi.

Ninyi mliomaliza shule mkaenda mbali, kama yuko mwenye kodiani iliyovunjika kabisa, asiitupe. Nahitaji ulimi mmoja tu.