Uthabiti wa Chumvi: Kutoka Kishada cha Ioni hadi Chombo cha Jikoni

Chumvi ya meza ni sodiamu kloridi, yaani muungano wa metali na haloji. Ikipashwa moto mkali hadi kuwa mvuke, hutoa molekuli mojamoja pamoja na vishada vidogo vya ioni. Kuvipima vishada hivyo maabara ni kazi ngumu. Kwa hiyo wanasayansi, wakiwemo watafiti wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, wamechunguza vishada vya chumvi za jamii hii kwa hesabu za kompyuta.

Kompyuta hutafuta mpangilio wenye nishati ndogo kuliko yote, kisha hukadiria nishati ya kuuvunja. Katika molekuli moja ya mvuke, sodiamu na kloridi huwa umbali wa nanometa 0.236. Katika fuwele umbali huo ni nanometa 0.282, kwa kuwa kila ioni huvutwa na majirani 6. Kwa wastani, kishada kinapokua, ioni zake hushikamana zaidi.

Funzo ni kwamba uthabiti hutegemea aina ya atomi, mpangilio wake na mazingira. Potasiamu iodidi, nayo chumvi ya metali na haloji, ikikaa kwenye unyevu, hewa na mwanga, hutoa iodini inayopotea hewani. Potasiamu iodati, ambayo kila iodini yake imeungana na oksijeni 3, huhimili zaidi joto na unyevu wa nchi zetu, ingawa nayo hupungua ikihifadhiwa vibaya.

Hapo ndipo Kinondoni na Temeke zinapohusika. Chumvi inayopimwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi yaweza kuwa na madini joto kidogo au isiwe nayo kabisa, na ulimi hauwezi kutambua. Mtu mzima huhitaji maikrogramu 150 kwa siku, mjamzito 250. Upungufu hudhuru ubongo wa mtoto angali tumboni, na madhara hayo huenda yasirekebishike.

Mhudumu wa kliniki ya wajawazito na amuulize kila mama: chumvi ya nyumbani hununuliwa wapi, na huhifadhiwaje? Inunuliwe iliyofungwa, yenye maandishi ya madini joto. Iwekwe katika chombo chenye kifuniko, mbali na jiko. Itiwe chakula kikikaribia kuiva. Kiasi kisizidi gramu 5 kwa siku, kwani kuongeza chumvi hupandisha shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa wa tezi ya shingo amwone daktari.