Dipstiki kabla ya ufunguo: kuishi na Subaru ya turbo

Injini yangu ya kwanza ya turbo ilinoki Mlima Kitonga, saa tisa alasiri, nyuma ya lori la saruji. Gari lilikuwa Subaru Forester ya mwaka 2004, namba C, niliyoinunua kwa mtu Dar es Salaam na kuisifia kila kijiwe. Kwenye kona za Kitonga taa nyekundu ya oili ikawa inawaka na kuzima. Nikajiambia ni waya tu. Kabla sijafika juu nikasikia mlio kama mtu anayegonga sufuria kwa nyundo ndogo, kisha injini ikazima moja kwa moja.

Gari lilivutwa hadi Iringa. Fundi akafungua nati ya sampu, na oili iliyotoka haikujaza chupa ya maji ya lita moja na nusu. Ndani yake kulikuwa na chenga zinazometameta kama rangi ya shaba. Akaniangalia akasema, "Mdogo wangu, hii oili ilishaisha siku nyingi. Leo imekuja kuaga tu."

Injini ya kuchukua nafasi yake ilinigharimu bei ya bodaboda mbili mpya. Leo ni mwaka wa sita na imetembea zaidi ya kilomita 90,000 bila kufunguliwa. Ni aina ileile ya injini, ndani ya gari lilelile. Mwenye gari ndiye aliyebadilika, na haya ndiyo ninayofanya.

Ijue injini yenyewe

EJ20 ya turbo ni injini ya cc 1,994 yenye silinda nne zilizolala, mbili kushoto na mbili kulia. Kipenyo cha silinda ni milimita 92, na pistoni husafiri milimita 75 tu. Kwa sababu kipenyo ni kikubwa na safari ni fupi, inapenda kuzunguka kwa kasi. Kwenye Forester yangu, Subaru waliiandikia nguvu za farasi 220 na msokoto wa Nm 309. Ndugu yake, EJ25 ya cc 2,457, ndiyo iliyowekwa kwenye Forester ya STI yenye nguvu za farasi 265.

Turbo hutumia moshi unaotoka kuzungusha feni, na feni ya pili iliyo kwenye shafti ileile inasukuma hewa zaidi ndani ya silinda. Ndiyo maana tunaipenda kwenye milima. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kila unapopanda mita 1,000, kwa kuwa hewa ni nyepesi. Turbo huifidia kasoro hiyo kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na shafti yake hupita mizunguko 100,000 kwa dakika. Shafti hiyo inaelea juu ya utando mwembamba wa oili. Beringi za konrodi nazo ni hivyohivyo. Oili ikikosekana kwa sekunde chache tu, chuma kinasaga chuma.

Ni mbovu au inaonewa?

Kijiweni utasikia kwamba Subaru zote zinanoki. Kumbuka Januari 1989, injini hii ilipokuwa mpya. Legacy yenye EJ20 ya turbo ilizungushwa kwenye uwanja wa majaribio wa Arizona, Marekani, ikamaliza kilomita 100,000 kwa siku zisizotimia 19. Mwendo wake wa wastani ulikuwa kilomita 223 kwa saa, ukijumlisha na muda wa kusimama kwa sevisi. Hapa jirani Kenya, Impreza zilishinda Safari Rally mwaka 1997 mikononi mwa Colin McRae na mwaka 2000 mikononi mwa Richard Burns. Zile za mbio zilikuwa zimetengenezwa upya, sawa, lakini ukoo ni huohuo.

Tofauti ni kwamba magari yale yalikuwa na watu ambao kazi yao ni kuangalia oili, maji na joto. La kwangu lilikuwa na mimi, niliyekuwa nikiangalia dashibodi. Na taa ya oili kwenye dashibodi haipimi kiasi cha oili. Inapima msukumo. Ikiwaka, mara nyingi maana yake pampu imeshaanza kunyonya hewa. Ukiiona, weka gari pembeni na uzime injini palepale, hata kama umebakiza kona moja.

Dipstiki kila Jumamosi

Injini za turbo za aina hii hula oili kidogokidogo hata zikiwa nzima. Sampu yake hubeba kama lita nne tu, kwa hiyo ukipoteza lita moja umepoteza robo ya akiba yote. Unaweza kufanya sevisi leo, na baada ya kilomita 3,000 ukawa chini ya alama bila tone moja kuonekana sakafuni.

Mimi napima kila Jumamosi asubuhi, na kila siku ya safari, kabla sijawasha. Gari liwe sehemu tambarare na injini iwe baridi. Silinda zimelala, hivyo oili huchelewa kurudi kwenye sampu, na ukipima mara tu baada ya kuzima utadanganyika. Futa dipstiki, izamishe, itoe, kisha soma pande zote mbili na uamini upande unaoonyesha kidogo. Kati ya alama ya chini na ya juu ni kama lita moja. Nikikuta imeshuka nusu, naongeza nusu lita. Kwenye buti sikosi chupa ya lita moja ya oili ileile.

Namwaga oili kila kilomita 5,000, na filta hubadilishwa palepale. Kwa joto la Dar na foleni za Barabara ya Mandela natumia 5W-40 ya sinthetiki. Ukiona bei ya oili fulani ni nusu ya bei ya wenzake, jiulize kwa nini kabla ya kuinunua.

Mwambie fundi wako pia akague boliti inayopeleka oili kwenye turbo. Baadhi ya injini za familia hii zina kichujio kidogo cha wavu ndani ya boliti hiyo. Kikiziba uchafu, turbo inakufa kwa kiu huku dipstiki ikionyesha oili imejaa.

Mkanda, maji na petroli

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kwenye kilomita 100,000. Ukikatika, valvu zinakutana na pistoni na hedi zinaharibika. Gari la mkononi lisilo na kumbukumbu, badilisha mkanda bila kuuliza, pamoja na puli zake, kikaza mkanda na pampu ya maji, kwa kuwa pampu yenyewe huzungushwa na mkanda huohuo.

Kwenye rejeta weka kulanti, si maji ya bomba. Tenki dogo la juu lisipungue. Sindano ya joto ikipanda, usimwage maji juu ya injini ya moto. Zima na usubiri. Baada ya mlima mrefu, endesha taratibu dakika chache za mwisho kabla ya kuzima, turbo ipoe huku oili na maji bado vinazunguka.

Petroli nayo ni jambo. Injini hizi zilitengenezwa Japani kwa petroli ya daraja la juu, ambayo kwa viwango vyao huanzia oktani 96. Petroli yenye oktani ndogo hulipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo hupiga pistoni. Kompyuta ya gari hujaribu kujihami kwa kupunguza nguvu, lakini ina kikomo. Kwa hiyo najaza kwenye vituo ninavyovijua. Gari likiwa limebeba familia nzima na mizigo, sikanyagi mafuta hadi mwisho kwenye gia kubwa.

Mapambo ya vijana

Kijana mmoja aliniuzia valvu ya kutoa sauti ya "pshaa" kila ninapoachia mafuta. Nilifurahi wiki mbili. Kisha moshi ukawa mweusi na petroli ikaanza kukimbia. Hewa ile inayotupwa nje ilikuwa imeshapimwa na sensa, na kompyuta ilishaitolea petroli yake. Nikarudisha ya kiwandani. Bomba pana la moshi bila kurekebisha programu ya kompyuta ni hatari zaidi, maana linaweza kuongeza msukumo wa turbo kuliko injini ilivyopangiwa. Ukitaka nguvu zaidi, anza na afya ya injini, umalizie na mtu anayejua kurekebisha programu.

Ukienda kununua

Fika asubuhi na umwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Weka mkono juu ya boneti. Ikiwa ya moto, kuna jambo linafichwa. Chomoa dipstiki kabla ya kuangalia redio au viti.

Washa, sikiliza. EJ ikiwa baridi inaweza kutoa mlio mwepesi wa pistoni unaopotea ikipata joto. Huo wengi wetu tunaishi nao. Mlio mzito unaozidi injini inapopata moto na unapokanyaga mafuta ni beringi za konrodi. Hapo muage muuzaji uondoke. Angalia mapovu kwenye tenki la maji, dalili ya gasketi ya hedi. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Lipia kipimo cha kompresheni kwenye silinda zote nne, na namba zikitofautiana sana usibishane nazo.

Je, nakushauri ununue? Kama unataka gari la kujaza mafuta na kusahau, chukua isiyo na turbo, hakuna aibu. Kama unaweza kuamka dakika tano mapema kila wiki, EJ20 itakupandisha Kitonga ikiyapita malori na utafika Iringa ukitabasamu. Unayeisoma hii na gari lako limeegeshwa nje, kesho asubuhi kabla ya ufunguo fungua boneti, uchomoe dipstiki, uisome.