Utunzaji wa Mnazi Wakati wa Kaskazi

Wasomaji wetu wakaao pwani, tangu Tanga hata Mtwara, na katika visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, waijua vema hali ya kaskazi. Kuanzia Desemba hata Machi jua huwa kali, na usiku huwa na fukuto hata mtu hutoka jasho hali ameketi tu. Wengi hudhani kwamba miezi hiyo ni ya raha kwa mnazi, maana mnazi wapenda joto na hewa yenye unyevu. Neno hilo ni kweli nusu yake. Nusu iliyosalia ndiyo tutakayoieleza leo, kwa sababu imewapotezea watu mavuno, tena imetia ugomvi kati ya majirani.

Mnazi hustawi penye joto la wastani la digrii 27 hivi za Selsiasi, na hewa yenye unyevu huupunguzia kupoteza maji kwa njia ya majani. Lakini maji ya kunywa hayatoki hewani, hutoka ardhini. Tena mnazi hauna mzizi mkuu uzamao chini kama wa mwembe. Una mizizi mingi sana itokayo chini ya shina na kutambaa pande zote, na sehemu kubwa yake imo katika duara la futi 6 kuzunguka shina. Basi katika mchanga wa pwani, duara hilo likikauka mwezi wa Januari na Februari, mnazi huona kiu hata ikiwa nguo zetu zimelowa jasho na chumvi imeyeyuka chomboni kwa unyevu wa hewa.

Ubaya wa kiu hiyo ni kwamba haionekani upesi. Mnazi mrefu wenye afya hutoa jani moja kila mwezi hivi, na katika kwapa la kila jani huwamo karara moja. Karara lipasukapo hutokea upunga; kisha huja vidaka, kisha vitale, kisha madafu, kisha koroma, na nazi kamili huwa tayari baada ya miezi 11 au 12. Lakini kabla ya kupasuka, karara lilikuwa likijengwa ndani ya kilele kwa muda wa miaka miwili na zaidi. Kwa hiyo kaskazi moja kavu hugusa mazao ya nyakati nyingi pamoja. Vidaka vilivyo nje hupukutika mara, na kila mtu huviona. Makarara machanga yaliyofichika ndani hupungukiwa maua ya kike, na mengine hufa yasitokee kabisa; hasara yake huja kuonekana mwaka wa pili, pengine wakati mvua zimenyesha vizuri na shamba lote ni bichi.

Hapo ndipo uchungu uingiapo. Mtu hutazama minazi yake, majani mazuri, masika njema, na kila kole lina nazi tatu au nne tu. Hutafuta sababu ya jana na ya juzi, haioni. Basi humkumbuka jirani aliyepita akalisifu shamba lake, na maneno ya kijicho huanza. Wazee wa mji waletewapo shauri la namna hiyo, twawasihi waulize kwanza: kaskazi ya mwaka uliopita, na ya mwaka ule mwingine, zilikuwaje? Chini ya minazi palifunikwa au palikuwa pakavu kama sakafu? Je, moto ulipita? Majani mabichi yalikatwa? Mara nyingi jibu litapatikana hapo, pasipo mtu kutajwa jina.

Kazi ya kuzuia kiu si ngumu, wala haihitaji fedha. Kabla mvua za vuli hazijakwisha, palilia juu juu kuzunguka shina, usichimbe kwa nguvu ukaikata mizizi; kisha funika duara lile la futi 6 kwa makumbi, majani makavu na magugu uliyong'oa. Makumbi ni bora kuliko vyote, maana nyuzi zake hunywa maji mengi kuliko uzito wake zenyewe na kuyatoa polepole; tena yanapooza hurudisha ardhini chakula ambacho mnazi wakipenda sana. Twasikitika kuona mashamba ambamo makumbi huchomwa moto kila mwaka huku minazi ikinyauka kando yake. Penye mchwa yatazamwe mara kwa mara, hasa karibu na miche.

Neno la makuti ni gumu zaidi. Kabla ya masika kila mwenye nyumba ataka kuezeka, na majani mabichi hukatwa kwa wingi katika miezi ile ile ambayo mnazi una kiu. Hatuwezi kusema nyumba zivuje. Lakini kila jani bichi hulisha mti na kulitegemeza kole lake. Likikatwa, kole hulegea na vidaka hupungua. Yafaa yachukuliwe majani ya chini kabisa yaliyoanza kugeuka rangi, au yaliyoanguka, yakalowekwa majini hata yalainike ndipo yasukwe. Yeye akatae kilele hata yakabaki majani kumi amekula mavuno ya mwaka ujao, nayo nyumba yake itataka makuti tena.

Wadudu nao wana sehemu yao. Chonga huingia katika kilele na kutafuna majani yangali yamekunjwa, ndiyo sababu jani likifunguka huonekana kama limekatwa kwa mkasi. Mafunza yake hukua katika magogo ya minazi iliyokufa na katika marundo ya samadi. Basi gogo lisiachwe shambani, lipasuliwe na kuchomwa, na makumbi yatandazwe, yasirundikwe. Mdudu mwingine, mwembamba, hufyonza vidaka hata vikaanguka na makovu meusi. Huyu adui yake ni maji moto, wale siafu wekundu wa mitini washonao majani kuwa viota. Mwaka 1953 mtaalamu M. J. Way alichapisha uchunguzi alioufanya Unguja, akionyesha kwamba minazi yenye maji moto wengi hulindwa na mdudu huyo. Wakwezi hawatafurahi kusikia hayo, nasi hatuwalaumu, maana huumwa wao. Hata hivyo viota visichomwe ovyo, na michungwa michache ipandwe kati ya minazi, kwa kuwa maji moto hupenda kukaa humo.

Lakini nazi za kila umri zikianguka pamoja, upunga ukawa mweusi, na majani yakageuka manjano kuanzia chini hata kilele kikaoza na kuanguka, hiyo si kiu. Ni maradhi yafishayo, ambayo yameharibu minazi mingi katika pwani ya Tanzania bara, nayo yalichunguzwa na mpango wa taifa wa minazi ulioanzishwa mwaka 1979. Hayana dawa ya kuuponya mti. Apashwe habari bwana shamba, na mti ukatwe.

Atakaye kupanda achimbe mashimo yake wakati huu wa kaskazi, futi 3 kila upande, na futi 30 toka shimo hata shimo. Ndiyo minazi 48 katika eka moja. Chini atandike makumbi safu mbili, tumbo juu, arudishe udongo wa juu, na kungoja mvua za kwanza za masika.

Walimu wa shule za pwani wanaweza kuifanya habari hii somo la kuonekana kwa macho. Ichaguliwe minazi sita: mitatu ifunikwe makumbi, mitatu iachwe. Kila mwezi mkwezi ahesabu vidaka vya kole jipya, na watoto waandike hesabu hiyo katika daftari moja la shule, wala daftari hilo lisifungwe kabla ya kaskazi ya tatu.