Rais akipuuza hukumu

Swali: Mahakama haina jeshi wala hazina. Itamlazimishaje Rais kutii Katiba?

Jibu: Haimlazimishi kwa mabavu, hutamka mipaka ya mamlaka yake. Nchini Kenya, mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41, Rais Uhuru Kenyatta asiwateue. Februari 2020 Mahakama Kuu iliamua kwamba, chini ya Ibara ya 166, Rais huteua kulingana na pendekezo la Tume. Hana ruhusa ya kuchagua amtakaye. Bado Juni 2021 aliteua 34 tu. Inauma, kwa sababu wenye kesi ndio waliokuwa wakisubiri. Sita kati ya walioachwa waliteuliwa Septemba 2022 na mrithi wake, William Ruto, siku alipoapishwa.