Sumu na Mvua Visikutane

Kila mwaka masika yanapokaribia huku Tanga, tunasafisha mifereji ya nyumba na kuandaa mapipa ya kukinga maji ya bati. Maji ya mvua ni baraka. Lakini tujiulize: yanapopita kwenye ghala la dawa za kilimo, uwanja wa kiwanda au matangi ya mafuta, yanachukua nini, na yanakipeleka wapi?

Maji hufuata mteremko. Yakikuta dawa iliyomwagika, huizoa. Yakikuta oili, huibeba juu yake. Mwisho wa safari ni kijito, kisima, mikoko na bahari. Wakazi wa Tanga mjini hutumia maji ya mto Zigi yanayokusanywa katika bwawa la Mabayani. Mto Pangani hupita Korogwe hadi baharini. Wavuvi wetu nao hutegemea samaki wanaokulia kwenye mikoko na matumbawe. Kwa hiyo, usalama wa ghala haumhusu mwenye ghala peke yake.

YALIYOTOKEA VIKUGE

Mfano wa kutufundisha uko kwa jirani zetu wa Mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 shamba la Vikuge, wilayani Kibaha, lilipokea msaada wa tani 170 hivi za dawa za kilimo kutoka Ugiriki. Sehemu ya dawa hizo ilikuwa imekwisha muda wake. Ziliwekwa bandani, na baadaye banda likaanguka. Mvua ikapata njia.

Hatimaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yaliondolewa. Lakini watafiti walipopima, na kutangaza matokeo yao mwaka 2004, walikuta DDT na sumu nyingine kwenye udongo hadi kina cha sentimita 50. Katika sampuli za udongo wa juu, DDT na mabaki yake yalifikia asilimia 28, yaani zaidi ya robo ya udongo wenyewe. Sumu ilikutwa pia kwenye visima na maji ya juu ya ardhi. Kiasi cha juu kilikuwa maikrogramu 30 kwa lita. Nchi za Umoja wa Ulaya huruhusu maji ya kunywa yawe na nusu maikrogramu tu kwa jumla ya dawa za aina hii.

Somo ni hili: maji yakimwagika hayazoleki, na sumu ikiingia ardhini ni vivyo hivyo. Kuondoa mapipa si kumaliza kazi. Kazi ni kuzuia mapema.

INAVYOMDHURU MTU

DDT haiyeyuki vizuri katika maji. Hushikamana na tope na mafuta. Kwa hiyo hukaa udongoni miaka mingi, husafiri na tope wakati wa mvua, hujilimbikiza katika mafuta ya samaki na ya mwili wa binadamu, na hupita katika maziwa ya mama. Mama asiache kunyonyesha kwa hofu hiyo. Cha kufanya ni kuizuia sumu inakotoka. Tukumbuke pia kwamba kuchemsha maji huua vijidudu, lakini si njia ya kuondoa sumu hizi.

WAJIBU WA WENYE MAGHALA

1. Paa lisivuje. Sakafu iwe ya zege na iinuke kuliko uwanja. Mapipa na mifuko ikae juu ya chaga.

2. Matangi ya nje yazungushiwe ukuta usiopitisha maji, unaoweza kuzuia yote yaliyomo katika tangi kubwa kuliko mengine, na nafasi ya maji ya mvua ibaki. Tundu la kutolea maji lifungwe, lifunguliwe tu baada ya maji kukaguliwa.

3. Maji ya paa yawe na mtaro wake, yasipite mahali pa kupakia na kupakua.

4. Kilichomwagika kifunikwe kwa mchanga mkavu au unga wa mbao, kizolewe na kuwekwa katika chombo chenye lebo. Kisioshwe kuelekea mtaroni.

5. Ukaguzi ufanyike kabla ya masika na kabla ya vuli.

Hata maji ya kuzima moto yawekewe mahali pa kukusanyika. Novemba 1, 1986, ghala la kampuni ya Sandoz karibu na Basel, Uswisi, liliungua. Maji ya wazima moto yalizoa sumu hadi mto Rhine, na samaki wengi mno wakafa.

WAJIBU WETU

Tusichotee maji kwa dumu lililokuwa na dawa. Tusioshee pampu ya kupulizia mtoni, wala tusimwage oili chafu mtaroni. Ukiona maji yenye rangi au harufu ngeni, au samaki wanaelea wamekufa, usichote wala usile. Waondoe watoto, kisha mwarifu mwenyekiti wa mtaa au kijiji na afisa afya. Usione haya kusema: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi na salama.

MASWALI YA KUJADILI

1. Je, kisima chetu kiko upande gani wa mteremko, na juu yake kuna nini?
2. Nyumbani mwetu dawa za shamba na za mifugo zimewekwa wapi? Mvua ikivuja itazifikia?
3. Kabla ya masika yajayo, nani tukamuulize kuhusu ghala lililo karibu nasi?